Mwita Papa na Kopo la Siku ya Saba

Inatangazwa kwa wote wenye masikio kwamba Mzee Blasius Walok wa kijiji cha Lasuwai, mwita papa mkuu wa pwani ya magharibi ya kisiwa cha New Ireland, mtu pekee miongoni mwetu ambaye sura yake imeingia sebuleni mwa watu wa nchi tusizojua hata ziko upande gani wa bahari, amestaafu kwa sababu ya macho na goti, na ameyatoa maisha yake yaliyobaki kuwaelimisha wajukuu juu ya papa. Elimu hiyo hutolewa kila siku ya shule, saa kumi jioni, juu ya mkeka, mbele ya runinga ndogo ya sola. Betri ikigoma, shule imefungwa.

Wanafunzi ni watatu, watoto wa binti yake Gerolda, muuguzi wa mjini Kavieng ambaye huja mwisho wa mwezi na gunia la mchele na usingizi. Hilaria ana miaka kumi na moja, yuko darasa la tano. Kasimir ana minane na ana hakika atakuwa mwita papa. Damien ana mitano, hana hakika na lolote, kwa hiyo huuliza.

Mwalimu ana kama miaka sabini kwa hesabu ya parokia, ambayo daftari lake moja lililiwa na mchwa. Kifua kipana, meno mekundu kwa popoo, na kovu refu kutoka bega la kushoto hadi kiunoni. Wageni hulitazama kovu hilo kwa heshima kubwa. Papa hahusiki nalo hata kidogo: alianguka kutoka paa la kanisa tulipokuwa tunaezeka. Macho yake yana ukungu, na runinga anaiona kama unavyoona samaki kwenye maji yaliyotibuliwa, yaani anajua kuna kitu kinapita. Hilo halijawahi kumzuia kueleza ni kitu gani.

Gerolda alileta flashi yenye filamu tisa za papa. Nane ni za Wazungu.

"Mwoneni huyu," Mzee Blasius husema, akiielekezea runinga kidole. "Ana meli. Ana ndoo ya damu. Ana tundu la chuma. Halafu anajifungia yeye ndani. Sasa niambieni, nani kakamatwa?"

"Mzungu!" hujibu Kasimir.

"Na papa?"

"Ametoka kutembea!"

"Vizuri. Andikeni."

Hakuna anayeandika. Hilaria humenya chungwa.

Kwetu papa haletwi kwa damu, anaitwa kwa adabu. Mtu hutoka peke yake na ngalawa, akapiga njuga ya vifuu vya nazi ndani ya maji. Papa akisikia hudhani ni kundi la samaki wenye karamu, anakuja kuona karamu ya nani, anavishwa kitanzi kwa mkono mtupu, kisha boya la mti lililofungwa kwenye kitanzi linamchosha mpaka akubali rungu. Ni kazi ya mtu mmoja na hakuna tundu. Mzee Blasius aliifanya zaidi ya miaka thelathini, na hata wanaomchukia, ambao si wachache, hawajawahi kusema hakuijua.

Ila njuga haikuwa yake, na hapo ndipo palipo na mambo. Kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama. Blasius ni wa ukoo wa Tai. Mkewe Apolonia ni wa Mwewe, na njuga ile ya vifuu vinane, vyeusi kwa moshi na ukongwe, ni ya Mwewe tangu zamani. Mjomba wa Apolonia alipozeeka, kaka pekee wa Apolonia, Otmar, alikuwa bado anajikojolea. Basi njuga ikakabidhiwa kwa shemeji mtu mzima, Blasius, aitumie na amfundishe mtoto, kisha mtoto akikua aipokee. Mtoto akakua. Akaota ndevu. Akaoa. Blasius akawa bado anamfundisha kuufunga mwanzi wa pembeni mwa ngalawa.

Leo Blasius amestaafu kazi, njuga hajaistaafu. Inaning'inia juu ya kitanda chake. Papa wa pwani yetu wanapumzika tu. Njuga ile ndiyo Blasius mwenyewe: mwondolee, unabaki na mzee mwenye goti. Otmar haipati kwa sababu ni mchafu, na uchafu wake ni habari ya miaka minane iliyopita, habari inayosimuliwa katika filamu ya tisa.

Filamu ya tisa ni yetu.

Miaka minane iliyopita walikuja Wazungu watano na masanduku kumi na saba kutengeneza filamu ya mwita papa. Mtangazaji wao lilikuwa jitu refu lililoiva jekundu siku ya pili tu, tukamwita Bwana Kambakochi. Blasius na msaidizi wake Otmar wakaingia nyumba ya wanaume pale ufukweni, kama inavyotakiwa, wakaanza miiko. Kulala na mke hapana. Kukanyaga kinyesi cha mbwa hapana. Zaidi ya yote, nguruwe hapana. Papa ana pua, na mtu aliyekula nguruwe humnusa akiwa bado upande wa pili wa mwamba, akageuza.

Siku ya kwanza papa hakuja. Siku ya tano hakuja. Siku ya kumi na moja Bwana Kambakochi aliilaumu hali ya hewa, na Blasius akatoka majini, akakaa juu ya ngalawa yake, akasema kwa sauti ya kanisani:

"Ndani ya nyumba hii kuna mtu kala nguruwe."

Ndani ya nyumba ile walikuwa watu wawili.

Jina hakulitaja. Asingeweza: kwetu jina la shemeji halipiti mdomoni. Shemeji yako akitaka kukanyagwa na lori unapiga kelele "wewe!" na kumwachia Mungu yaliyobaki. Lakini macho yote yakamwendea Otmar, na Otmar, tuseme ukweli, alikuwa mtu ambaye kwenye msiba huuliza nguruwe amechinjwa wangapi kabla hajauliza nani kafa. Akaapa hakula. Akatolewa nje na mkeka wake. Kesho yake asubuhi papa akaja, mkubwa, mrefu kuliko mlango. Nani tena alihitaji ushahidi?

Otmar akatozwa faini ya nguruwe. Ndiyo, kwa kosa la kula nguruwe alitakiwa alete nguruwe, na waliomhukumu ndio waliomla. Watoto wakampa jina la Mafuta. Njuga ikabaki kwa Blasius "mpaka mwenye ukoo atakasike," na aliyeijua dawa ya kumtakasa alikuwa Blasius peke yake, na mpaka mwaka huu alikuwa bado anajaribu kuikumbuka. Tangu siku ile mashemeji hawakusemezana. Apolonia akaapa hataitazama filamu hiyo mpaka afe.

Kijiji kizima tuliitazama mara moja ilipofika, watu arobaini mbele ya runinga yenye ukubwa wa trei, kila mtu akijitafuta mwenyewe. Watoto watatu wameitazama, kwa hesabu ya Kasimir, mara sitini na mbili. Babu yao ana dakika sita ndani ya filamu ile, na kwenye dakika arobaini zilizobaki hutafsiri.

"Hapo Kambakochi anasema: katika dunia nzima sijaona mwanamume kama huyu."

Kwa miaka miwili tafsiri hiyo iliwatosha wote. Mwaka huu Hilaria ameingia darasa la tano na Kiingereza kimemwingia vibaya sana.

"Babu, anasema ameumwa na mbu."

"Anasema yote mawili."

"Hajasema yote mawili, Babu."

"Wewe umejifunza Kiingereza kwa mwalimu aliyetoka mji wa Kieta. Huyu anaongea Kiingereza cha kwao."

Basi wakaendelea hivyo, mmoja akitafsiri na mwingine akisahihisha, mpaka Jumatano moja ya mvua, Bwana Kambakochi akiwa amesimama mbele ya nyumba ya wanaume anaongea na kamera kwa uso wa mazishi.

"Anasema leo ni siku ya saba," Hilaria akatafsiri. "Anasema hawa wanaume wawili hawajala chochote ila magimbi na nazi. Anasema, nidhamu ya ajabu."

"Hapo sasa," akasema Babu.

Damien alikuwa haangalii uso wa Kambakochi. Mtoto wa miaka mitano haangalii mahali anapoonyeshwa. Alisogea mpaka pua ikakaribia kioo.

"Babu, huyu wa nyuma ni nani?"

"Nyuma wapi?"

"Nyuma ya Mzungu. Kachuchumaa nyuma ya masanduku. Anakula."

"Ni mtu wa Kambakochi."

"Mbona ana kovu lako?"

Kasimir akasogea. Hilaria akasimamisha picha. Nyuma ya bega jekundu la Kambakochi, kati ya masanduku mawili, palikuwa na mgongo mpana, na juu ya mgongo kovu kutoka bega la kushoto hadi kiunoni. Mkono mmoja umeshika kopo la bluu. Vidole vya mkono wa pili vimo ndani ya kopo.

"Betri imechoka," akasema Mzee Blasius.

"Ina vijiti vitatu, Babu."

"Mimi ndiye niliyeinunua betri hii, naijua. Imechoka."

Akang'oa flashi kwa mkono wake mwenyewe, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akaitia kwenye kikapu chake cha popoo, chini ya kibuyu cha chokaa. Kikapu cha mwanamume kwetu hakipekuliwi, hata na mkewe, hata akifa wanasubiri siku tatu.

Wiki ile shule ya papa ilifungwa. Wiki iliyofuata ilifunguliwa kwa masomo ya kusimuliwa bila picha, na wanafunzi wakaanza kutoroka. Siku ya tatu mzee alimkuta Damien peke yake kwenye ngazi, akakaa karibu naye kwa upole ambao mtoto hakuuzoea.

"Mjukuu wangu. Yale uliyoyaona."

"Uliyokuwa unakula?"

"Yale uliyodhani umeyaona. Ukinyamaza, nakupa biskuti."

"Ngapi?"

"Mbili."

Damien akafikiri. "Wewe ulikula kopo zima."

Akapewa pakiti. Akanyamaza mpaka pakiti ilipokwisha, yaani mpaka saa kumi na moja na nusu.

Tusimcheke sana mzee. Alikuwa anahesabu, nasi tungehesabu vilevile. Watoto wale aliwalea yeye, aliwabeba mgongoni, aliwafundisha kuogelea kabla hawajajua kutembea vizuri, lakini hawakuwa watu wake. Walikuwa Mwewe. Kila jioni, kwa miaka miwili, alikuwa amewakalisha Mwewe watatu mbele ya ushahidi na kuwaambia waangalie vizuri. Alianza kulala na njuga chini ya mto. Apolonia alilalamika kwamba kila akigeuka ubavu chumba kinaita papa.

Mwisho wa mwezi Gerolda akaja na mchele. Baba yake alikuwa ameenda kusalimia mgonjwa. Watoto wakamwambia filamu ya tisa imepotea.

"Ninayo kwenye simu," akasema Gerolda, akiwa ameshafumba jicho moja. "Chukueni."

Simu ni ndogo, watoto watatu wakagombana, bibi yao akatoka jikoni na kisu mkononi kuja kuamua ugomvi. Hivyo ndivyo Apolonia alivyoivunja ahadi ya miaka minane, kwa bahati mbaya, akiwa amesimama.

"Huyu hapa, Bibi," akasema Damien. "Usimwambie mtu, nilipewa biskuti."

Apolonia alitazama mgongo ule. Alilala kando ya mgongo ule tangu hauna kovu. Alirudi jikoni akamenya magimbi kumi na manne, na nyumbani walikuwa watu sita. Alipomaliza la mwisho akafuta kisu.

"Hilaria," akaita. "Nenda kwa Babu Mjomba wenu. Mwambie dada yake anamwita. Mwambie avae shati."

Jumapili, baada ya sala, hakuna aliyeondoka. Runinga iliwekwa juu ya benchi nje ya kanisa, chini ya turubai, ikiwa imeunganishwa na simu ya Gerolda, na kiti cha mbele akakaa Katekista Longinus, kwa kuwa padri huja mara moja kwa miezi miwili na Mungu wakati mwingine lazima awe na kaimu. Kulia walikaa Mwewe, kushoto Tai. Otmar alikuwa na shati. Blasius alikuja na fimbo, na njuga begani, kwa sababu hakuthubutu kuiacha nyumbani peke yake.

Damien alipewa kijiti cha kuonyeshea. Alionyesha mgongo, kovu, kopo, kisha akaonyesha na mbwa mmoja aliyekuwa anapita, kwa kuwa alipenda kazi.

"Mzee Blasius," akasema Longinus, "mgongo huu unaujua?"

"Mgongo wangu sijawahi kuuona," akajibu Blasius. "Muulizeni anayeuona."

"Ni wake," akasema Apolonia.

Tai wakatazama viatu vyao, wale wenye viatu.

"Na kopo?"

"Mkono umeshika kopo. Kushika si kosa."

"Vidole vimo ndani, Babu," akasema Hilaria. Alikuja na daftari la shule na rula. "Na hapa, dakika ya tisa, Bwana Kambakochi ameshika kopo lilelile la bluu, anasema ni nyama ya nguruwe, anasema anaichukia. Na siku ya kumi na moja anasema sanduku la makopo limekwisha na haelewi, labda ni panya."

"Haya, mmesikia? Panya!" akasema Blasius.

"Panya wa Lasuwai," akasema mkewe, "tangu lini wana kisu cha kufungulia kopo?"

Watu wakacheka hadi upande wa Tai. Longinus akagonga benchi.

"Kwa hiyo siku ya kumi na mbili papa alikuja," akasema polepole, "kwa sababu Otmar alitolewa, au kwa sababu nyama ilikwisha?"

"Mwalimu anasema ukibadilisha vitu viwili kwa pamoja huwezi kujua ni kipi," akasema Hilaria.

"Mwalimu wako hayupo hapa," akasema Longinus.

"Basi nyama ilikwisha."

Mzee Blasius akainuka. Goti lilimchelewesha, na wakati goti linamchelewesha sote tulijua anapanga maneno, maana mzee huyu hajawahi kukosa la kusema mbele ya watu.

"Wanangu," akaanza. "Mwiko wa wazee unasema usile nguruwe. Sawa. Nguruwe ni nini? Nguruwe ana miguu. Nguruwe ana mwenyewe. Kuna mwanamke aliyemlisha maganda na kumpa jina, na siku ya kumchinja mwanamke huyo analia. Nyama yake inagawiwa, huyu paja, yule kichwa. Huyo ndiye nguruwe. Sasa mimi nawauliza: ile nyama ya kopo, nani alilia?"

Ilikuwa hoja. Wazee wawili wa Tai walianza kutikisa vichwa kwa kukubali.

"Nililigeuza kopo, nyama ikatoka na pembe nne," akaendelea, sasa akipata joto. "Nguruwe mwenye pembe nne mmemwona wapi? Hakukanyaga ardhi hii. Hakula tunda hapa. Papa wa kwetu angemjuaje?"

"Kwenye kopo pana picha ya nguruwe, Babu," akasema Kasimir. "Anacheka."

"Kwenye kopo la maziwa pana picha ya mtoto mchanga. Ndani mna mtoto?"

Hapo Longinus mwenyewe alikohoa ili asicheke, na kwa kitambo kidogo nadhani mzee alikuwa ameshinda. Upande wa Tai ulikuwa umenyooka mgongo. Mtu mmoja alisema kwa sauti kwamba hata mwanasheria wa Moresby, mji mkuu, asingeyapata hayo.

Otmar alikuwa bado hajafungua mdomo. Alimgeukia Longinus, si shemeji yake.

"Katekista, mwulize mwenye njuga. Kama nyama ile si nguruwe, mbona aliila nyuma ya masanduku?"

Longinus akamgeukia Blasius. "Anauliza mbona uliila nyuma ya masanduku."

"Jua lilikuwa kali," akasema Blasius.

"Katekista, mwulize tena. Siku ile aliposema kuna mtu kala nguruwe, alikuwa anamsema nani?"

"Mwambie mimi sikutaja jina."

"Ungelitajaje!" Apolonia akapaza sauti. "Shemeji yako! Ungelitaja ungetozwa faini wewe! Mdomo wako ulifungwa na desturi, ukatumia macho. Ulimtazama. Mimi nilikuwepo, nilisimama na mtungi pale kwenye mnazi. Ulimtazama kaka yangu, kisha ukatazama chini kama mwali."

"Mama Gerolda..."

"Usiniite. Miaka minane kaka yangu anavua kwa ndoana ufukweni na watoto wadogo. Miaka minane nampelekea chakula kwa kupita nyuma ya nyumba, nisikutane na maneno. Alileta nguruwe mzima kwa ajili ya kopo ulilokula wewe. Na nguruwe yule ulikula mguu!"

"Mwiko ulikuwa umeshaisha," akasema Blasius, lakini kwa sauti ndogo. Hiyo hoja haikumpendeza hata yeye.

Nilimwona akitazama upande wa kushoto, kwa watu wake, na watu wake wakitazama turubai. Akatazama upande wa kulia. Kwa macho yale sijui aliona nini: Mwewe wengi, bila shaka, kama ukungu wa mashati. Lakini mbele kabisa, karibu, walikuwa watatu aliowaona vizuri. Damien alikuwa anachezea kijiti. Hilaria alikuwa amefunga daftari. Kasimir, yule mwenye hakika, alikuwa haangalii mgongo kwenye runinga wala babu yake. Alikuwa anaangalia njuga, haondoi jicho. Asingeishika maisha yake yote kama mjomba wake asingeishika kwanza, na mtoto wa miaka minane wa kwetu analijua hilo kama anavyolijua jina lake.

Mzee aliiteremsha njuga begani. Vifuu vikagongana, mbwa akasimama. Kumpa shemeji mkononi haikuwezekana, miaka minane si mchezo, kwa hiyo akamwita mtoto.

"Kasimir. Njoo. Shika kwa mikono miwili. Siyo hivyo, unaiua. Hivyo. Mpelekee."

Kasimir akapita katikati, hatua kumi hivi, kama aliyebeba mayai. Kila hatua njuga ililia kidogo. Otmar alisimama kuipokea. Alikigusa kila kifuu, vyote vinane, kama mtu anayehesabu watoto baada ya mafuriko. Mwanamke mmoja wa Mwewe akaanza kulia, kisha watatu. Longinus alisema dawa ya kutakasa haitahitajika kwa kuwa hapakuwa na uchafu, na kama mzee ameikumbuka basi ajipake mwenyewe.

"Mafuta!" mtoto mmoja akaita kwa furaha, kwa mazoea, akapigwa kofi na mama yake.

Ilibaki faini. Tai walijadiliana wakasema nguruwe atatoka kwao, mkubwa kuliko yule, Jumamosi. Blasius hakupinga. Alikuwa amekaa tena, fimbo kati ya magoti, bega moja limeinama kama vile njuga ingali pale. Watu walianza kukunja mikeka. Hilaria alizima runinga kulinda betri.

Ndipo Otmar akavuka. Alipita mbele ya Longinus bila kumtumia, akaja akasimama mbele ya shemeji yake, karibu kiasi cha kuonekana, njuga mkononi. Kila aliyekuwa anakunja mkeka akaacha. Nywele zake zilikuwa zimeingia mvi. Zilipoanza kuingia, mashemeji hawa walikuwa hawasemezani.

"Shemeji," akasema.

Blasius akainua uso.

"Miaka minane nimekuwa nikijiuliza nani kaila nyama ile. Nililala nayo, niliamka nayo. Sasa nimejua, sina neno lingine. Nina swali moja tu." Akameza mate. "Ilikuwa tamu?"

Mzee Blasius Walok, mwita papa mkuu wa zamani, akafikiri kwa haki.

"Chumvi ilizidi," akasema.